Kuhamishia Metali Kwenye Kioo kwa Leza: Mwongozo kwa Mafundi wa Karakana za Nakshi

Mwongozo huu ni wa fundi mwenye mashine ya leza ya faiba, ile inayochora majina kwenye kalamu, pete na vibao vya milangoni, ambaye anataka kuitumia kwa kazi isiyoandikwa kwenye kijitabu cha mashine: kuchukua metali kutoka kwenye bamba na kuipandikiza juu ya kioo, ili nembo au jina libaki pale kama utando mwembamba wa rangi ya dhahabu, kahawia au nyeusi. Hakuna wino, hakuna tanuri, hakuna asidi ya kulia kioo. Mashine ya wati 20 inatosha.

Jambo moja litarudiwa mara nyingi humu, kwa hiyo lisemwe mapema. Kazi hii ikiharibika, fundi hukimbilia kuongeza nguvu ya mwale, na mara nyingi kasoro haiko huko. Iko kwenye pengo, yaani nafasi kati ya kitu kinachotoa metali na kitu kinachoipokea. Kagua pengo kwanza, kisha fokasi, kisha usafi. Nguvu ije mwisho.

Kinachotokea kati ya nyuso mbili

Kuhamisha utando kwa leza hufanywa kwa njia mbili, na ni muhimu fundi ajue anatumia ipi.

Ya kwanza ni ya kwenda mbele. Unakuwa na kibebeo angavu, kwa kawaida kioo chembamba au plastiki, ambacho uso wake wa chini umepakwa utando wa kitu unachotaka kuhamisha. Chini yake kuna kipokezi. Mwale unapita kwenye kibebeo bila kukidhuru, unakutana na utando, na nishati inaishia hapo kwenye mpaka wa kioo na utando. Sehemu hiyo ndogo inayeyuka na kiasi chake kinageuka mvuke. Mvuke huo umebanwa nyuma na kibebeo, hauna pa kwenda, basi unausukuma utando uruke mbele hadi kwenye kipokezi.

Ya pili ni ya kurudi nyuma. Hapa kipokezi ndicho kioo chenyewe na kinakaa juu, na chini yake kuna bamba la metali, ambalo tutaliita chanzo. Mwale unapita kwenye kioo, unaligonga bamba, na mvuke pamoja na matone madogo ya metali yanaruka kuelekea ulikotoka mwale. Njiani yanakuta kioo, yanaganda. Kwa karakana ya kawaida hii ndiyo njia bora, kwa sababu haihitaji utando ulioandaliwa maabara. Kipande cha shaba njano kutoka kwa muuza vyuma kinatosha.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko mashine zinazouzwa leo. Mwaka 1970 watafiti watatu wa Marekani, Levene, Scott na Siryj, walieleza jinsi walivyotumia leza yenye urefu wa wimbi wa maikromita 1.06, karibu sawa na wa mashine yako, kuhamishia karatasi wino wa utepe wa taipureta. Mwaka 1986 Bohandy, Kim na Adrian, wa maabara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, walihamisha shaba nyekundu kutoka kwenye utando usiofikia nusu maikromita kwa unene, wakapata mistari yenye upana wa takriban maikromita 50. Walitumia leza ya mwanga wa urujuani usioonekana, nanomita 193, ndani ya chombo kisicho na hewa. Mwaka 1998 Wong, Sands na Cheung wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha namna ya kubandua utando wa galiamu naitraidi kutoka kwenye kito cha yakuti kwa kupitisha mwale ndani ya kito hicho. Mpaka wa viwili hivyo huvunjika ukawa galiamu na gesi ya naitrojeni, na kwa kuwa galiamu huyeyuka chini kidogo ya nyuzi 30 za Selsiasi, joto dogo tu linatosha kuvitenganisha. Viwanda vya taa za LED viliichukua njia hiyo. Hata fundi wa simu mwenye mashine ya kutolea kioo cha nyuma anafanya jambo la ukoo huo: mwale unapita kwenye kioo na kuunguza rangi na gundi iliyo nyuma yake, kioo kinaachia.

Hesabu ya pigo moja

Mashine ya faiba ya karakana haitoi mwale wa mfululizo. Inapiga mapigo mafupi. Chukua mashine ya wati 20 iliyowekwa kupiga mara 20,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 20. Kila pigo lina milijuli 1. Likichukua nanosekunde 100, basi kwa kitambo hicho kifupi nguvu yake ni kilowati 10. Ndiyo maana wati 20 zinaweza kugeuza shaba kuwa mvuke wakati pasi ya wati 1,000 haiwezi.

Sasa tazama eneo. Doa la mwale lenye kipenyo cha maikromita 50 likipokea milijuli 1, kila sentimita ya mraba inapata kama juli 51. Ukipandisha mapigo hadi kilohezi 40 bila kugusa asilimia ya nguvu, kila pigo linabaki na nusu milijuli na kiasi hicho kinashuka hadi juli 25. Lakini fokasi ikikosea kiasi cha doa kupanuka kutoka maikromita 50 hadi 100, eneo linaongezeka mara nne, na juli 51 zinakuwa kama 13. Kosa la fokasi ambalo jicho halilioni limekunyang'anya nishati nyingi kuliko kupunguza nguvu kwa nusu. Fundi asiyejua hili ataongeza asilimia ya nguvu hadi mwisho na bado atapata alama hafifu.

Kuna upande mwingine wa hesabu hiyo. Chini ya kiwango fulani cha nishati, metali haitoki kabisa. Juu yake kidogo inatoka kwa utulivu, na ndiko alama safi zinakopatikana. Ukizidi sana, matone yanatawanyika pande zote, gesi iliyobanwa inapasua uso wa kioo, na unachokiona kuwa alama nyeusi ya kupendeza ni kioo kilichosagika na kuchanganyika na masizi. Kipapase kwa ukucha: kikikwaruza, umezidisha.

Mashine na malighafi

Inayotakiwa ni leza ya faiba ya nanomita 1064. Mashine ya CO2, inayotumika sana kukata mbao na akriliki, haifai kwa njia hii, maana mwale wake wa maikromita 10.6 hauvuki kioo. Unaishia kwenye uso wa juu na kuuchimba. Kama karakana ina CO2 peke yake, rudi kwenye nakshi ya kawaida ya kioo.

Kioo kiwe cha kawaida, angavu, unene wa milimita 2 hadi 4. Kitazame kwa ukingoni. Kikiwa na kijani kizito, kina madini ya chuma mengi, na chuma cha namna hiyo hufyonza mwanga wa karibu na nanomita 1050, yaani pale pale ulipo mwale wako. Kioo kinapata joto na shaba inapata mabaki. Kioo kilichoimarishwa kwa joto, kile kinachovunjika vipande vidogo kama vya dirisha la pembeni la gari, kisitumike hata mteja akisisitiza. Kina mkazo ndani yake, na ufa mdogo unaweza kukisambaratisha chote mezani. Kioo cha borosiliketi, kile cha vyombo vya maabara na baadhi ya bakuli za kuokea, kinavumilia joto vizuri zaidi kwa sababu hutanuka kama theluthi tu ya kioo cha dirisha.

Kwa chanzo, anza na shaba njano ya unene wa milimita 0.5 hadi 1. Zinki iliyomo huchemka kwa nyuzi 907, mbali chini ya nyuzi 2,562 zinazohitajika kuchemsha shaba nyekundu, kwa hiyo shaba njano hutoa mvuke kwa urahisi. Shaba nyekundu nayo inawezekana na rangi yake ni nzuri, ila uso wake ukiwa umeng'arishwa hurudisha zaidi ya asilimia 95 ya mwanga wa nanomita 1064. Ipitishe msasa mwororo wa maji, namba 1000 au zaidi, ifubae kidogo. Usitumie chakavu usichokijua asili yake. Shaba njano ya kukerezwa kwa mashine, kwa mfano, huwekewa risasi kiasi cha asilimia 3 hivi ili ikatike vizuri, na risasi hiyo itakuwa kwenye moshi na kwenye kioo. Aloi ya shaba yenye beriliamu isiingie karakana kabisa.

Macho na mapafu

Mwale wa nanomita 1064 hauonekani, hivyo jicho halina sababu ya kufumba. Sehemu za mbele za jicho huupitisha bila kizuizi, kama zinavyopitisha mwanga wowote wa kati ya nanomita 400 na 1400, na lenzi ya jicho huukusanya kwenye retina. Jeraha la hapo kwa kawaida haliumi, na mara nyingi haliponi.

Fundi aliyezoea kuchora chuma anaweza kudhani kazi ya kioo ni salama zaidi. Ni kinyume. Uso wa kioo hurudisha takriban asilimia 4 ya mwale unaoingia wima. Kwenye mashine ya wati 20 hiyo ni karibu wati 0.8 zinazoruka kutoka uso wa juu peke yake, kabla hujahesabu uso wa chini wala shaba. Kwa mwale wa mfululizo, kiwango cha kimataifa cha IEC 60825-1 huanza kuhesabu daraja la 4, lile la hatari kuliko yote, pale nguvu inapozidi wati 0.5. Maana yake mwakisiko tu wa kioo chako uko katika kundi la mashine zinazotakiwa kufungiwa.

Basi: mashine iwe ndani ya kasha, na swichi ya mlango isizibwe. Miwani ya kinga ivaliwe na kila aliye chumbani, pamoja na mteja aliyekuja kutazama. Usiichague kwa rangi. Soma maandishi yaliyo kwenye fremu au kwenye lenzi: nanomita 1064 iwe imetajwa au iwe ndani ya masafa yaliyoandikwa, na namba ya OD isipungue 6, yaani ipitishe si zaidi ya sehemu moja kati ya milioni. Dirisha la plastiki angavu lililotoka kwenye mashine ya CO2 halisaidii kitu hapa, kwa kuwa plastiki ile ile inayozuia mwale wa CO2 huuacha huu upite. Sheria za usalama na afya mahali pa kazi, ya 2003 kwa Tanzania na ya 2007 kwa Kenya, zinamtwika mwajiri jukumu la kutoa vifaa vya kujikinga. Kibarua asiambiwe ajinunulie.

Moshi wa shaba njano una oksidi ya zinki. Aliyeuvuta kwa wingi hujisikia vizuri kazini, kisha saa chache baadaye, mara nyingi jioni au usiku, anashikwa na baridi, homa, kiu na ladha ya metali mdomoni. Wengi huidhania malaria. Fundi akipata homa ya namna hiyo baada ya siku ya kazi ya shaba, amweleze daktari alichokuwa anafanya. Kinga yake ni feni ya kunyonya moshi iliyowekwa karibu na kazi, yenye bomba la kutoa nje au chujio la chembe laini lenye kaboni. Mdomo wa bomba uwe kwenye ukingo wa kioo, maana metali isiyoganda hutokea hapo. Unga unaobaki usipulizwe kwa kompresa. Ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu, ukiwa umevaa barakoa ya N95 au inayolingana nayo.

Pengo

Hapa ndipo kazi inapofanikiwa au kuharibika.

Metali inaporuka kutoka kwenye chanzo haiendi kwa mstari mmoja. Inapanuka jinsi inavyosafiri. Aliyewahi kupulizia rangi ya kopo juu ya karatasi iliyokatwa herufi anajua: karatasi ikigusa ukuta, herufi zina kingo kali, ikiachia nusu sentimita, rangi inaingia chini na herufi zinavimba. Kwenye kioo vipimo ni vidogo zaidi lakini kanuni haibadiliki. Katika maabara pengo huwa kati ya maikromita chache na 100 hivi. Kwa karakana, lenga lisizidi milimita 0.1, na kwa maandishi madogo lisizidi 0.05.

Utalipimaje? Fundi makanika ana kipimo cha mabamba membamba anachopimia nafasi ya vali. Kinunue, hakigharimu kiasi cha kuogopesha. Baada ya kuweka kioo juu ya chanzo, jaribu kupenyeza bamba la 0.05 kila upande. Likiingia popote, bado. Ukiwa huna kipimo, kata ukanda wa karatasi ya ofisi ya gramu 80, ambao una unene wa takriban milimita 0.1. Karatasi ikipenya, usianze kazi.

Sababu kubwa ya pengo ni bamba lenyewe. Shaba iliyokatwa kwa mkasi wa bati hujikunja ukingoni, na mkunjo wa nusu milimita hauonekani kwa macho ukiwa umesimama. Agiza ikatwe kwa mashine ya kukatia mabamba, au kata kubwa kuliko kazi na usitumie sentimita ya mwisho ya kila upande. Chini yake weka kitu bapa kweli, kwa mfano kipande cha kioo kinene cha milimita 6 au zaidi. Meza ya alumini yenye mifereji haitoshi, kwani shaba nyembamba huzama kwenye mifereji. Kisha bana kwa klampu ndogo au vipande vizito vya chuma kwenye pembe, nje ya njia ya mwale.

Sababu ya pili ni uchafu. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa milimita 0.05 hadi 0.1, kwa hiyo mmoja tu uliosahauliwa katikati umelimaliza pengo lote uliloruhusiwa. Safisha nyuso zote mbili kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, na usiziguse tena kwa vidole. Spiriti ikauke kabisa kabla ya kuwasha leza, kwa sababu mvuke wake unashika moto. Katika miji ya pwani kuna la ziada: kioo kilichotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi hutokwa na ukungu wa maji kikifika karakana ya wazi. Kiache kipate joto la chumba, kisha kifute upya.

Sababu ya tatu ndiyo inayowasumbua hata mafundi wazoefu, nayo ni chanzo kilichotumika. Kila pigo linachimba. Ukirudia kazi juu ya sehemu ile ile ya shaba, pengo la kwanza limeongezeka kwa kina cha mfereji uliochimbwa, na pande za mfereji zinazuia metali kutoka. Kioo cha kwanza kinakuwa kizuri, cha pili hafifu, cha tatu hakisomeki, na mtu anaanza kuilaumu mashine. Sogeza bamba kwenye sehemu mpya kila mara. Weka alama ya kalamu pale palipokwisha tumika, na bamba likijaa upande mmoja uligeuze. Wengine hulisugua msasa na kulitumia tena. Inawezekana, lakini mifereji iwe imekwisha kabisa na bamba liwe bado bapa, jambo ambalo kwa shaba ya nusu milimita ni nadra.

Je, pengo liwe sifuri? Kwa herufi nyembamba, ndiyo, nyuso zigusane. Kwa eneo kubwa la kujaza, kama nembo nzima, kugusana kabisa kunabana gesi na kioo hupata vijufa. Weka vipande vya foili ya jikoni kwenye pembe nne, tabaka tatu kila pembe. Foili moja ina milimita 0.01 hadi 0.02, hivyo tabaka tatu zinakupa kama 0.05.

Fokasi kupitia kioo

Tafuta fokasi kwanza juu ya shaba ikiwa wazi, bila kioo, kama unavyofanya siku zote. Kisha weka kioo. Sasa fokasi haiko tena pale ulipoiweka. Mwale unaokusanyika ukipita kwenye kioo hupinda, na mahali unapokutana husogea mbali na lenzi kwa takriban theluthi ya unene wa kioo. Kwa kioo cha milimita 3, fokasi imeshuka milimita 1 ndani ya shaba. Pandisha kichwa cha mashine kiasi hicho hicho: milimita 1 kwa kioo cha milimita 3, na 1.3 hivi kwa kioo cha 4. Nukta mbili nyekundu za kusaidia fokasi, kama mashine yako inazo, haziaminiki kazi hii ikiwa na kioo, maana zinaakisiwa na nyuso zaidi ya moja. Tumia rula.

Kazi isikae katikati kabisa ya uwanja wa lenzi, ambapo mwale unashuka wima na mwakisiko wa shaba unaweza kurudi moja kwa moja ndani ya mashine. Isogeze kando kidogo. Lakini usiende hadi pembe za uwanja, kwa kuwa huko doa hupoteza umbo.

Majaribio na mipangilio

Kila aina mpya ya kioo au bamba ifanyiwe jaribio. Chora viboksi vya milimita 5 kwa 5, mistari mitano ya viboksi vitano. Kwenda kulia badilisha kasi, kwenda chini badilisha nguvu. Pa kuanzia, kwa mashine ya wati 20: nguvu asilimia 40 hadi 60, kilohezi 20 hadi 40, kasi milimita 500 hadi 1,000 kwa sekunde, nafasi kati ya mistari ya kujazia milimita 0.03 hadi 0.05. Kumbuka kwamba kasi na kilohezi vinaamua pamoja umbali wa mapigo. Kwa milimita 1,000 kwa sekunde na kilohezi 20, mapigo yanaachana maikromita 50, yaani madoa ya maikromita 50 yanagusana tu. Ukitaka yapandane, punguza kasi au pandisha kilohezi, ukijua kwamba kilohezi zikipanda kila pigo linadhoofika.

Soma majibu kabla ya kubadilisha chochote. Alama yenye kivuli kuzunguka kingo ni pengo. Alama iliyokolea upande mmoja na kufifia upande wa pili ni bamba lililopinda au kioo kilichoinama. Ikiwa imefifia sawasawa kote, tazama fokasi. Unga mweusi unaofutika wote kwa kidole unaonyesha metali ilifika ikiwa imepoa au kidogo mno. Hapo, baada ya kuhakikisha pengo na fokasi, ndipo uongeze nguvu kwa hatua za asilimia 5. Mikwaruzo na vijufa vinataka upunguze.

Kabla ya kazi halisi amua mteja atatazama kutoka upande gani. Metali inakaa uso wa chini wa kioo. Atakayetazama kupitia kioo, kutoka upande ulioingilia mwale, ataona maandishi kama ulivyoyachora. Atakayetazama upande wenye metali ataona yamegeuka, hivyo faili igeuzwe kwanza kwenye programu. Kwa tuzo za mezani ni vizuri kutazamia kupitia kioo: rangi hung'aa zaidi na vidole haviifikii alama kwa mbele. Pitisha mara moja. Kama unahitaji mara ya pili, sogeza shaba, usisogeze kioo.

Kwenda mbele, kwa ufupi

Kuna kazi ambazo kipokezi si angavu: kigae, chuma cha pua, jiwe. Hapo utahitaji utando uliopakwa kwenye kibebeo. Vipo vinavyouzwa kama tepu au karatasi za kuwekea alama kwa leza. Ukitaka kujitengenezea, paka kioo cha milimita 1 rangi nyembamba iliyosawazishwa, iache ikauke, igeuze iangalie kipokezi, kisha fuata kanuni zile zile za pengo. Unene wa utando usipokuwa sawa, alama nayo haitakuwa sawa, na kupaka sawasawa kwa mkono ni kugumu kuliko kunavyoonekana. Kwa maoni yangu tepu za kununua zinastahili bei yake. Kibebeo cha plastiki kichunguzwe kisiwe PVC, ambayo ikiunguzwa hutoa gesi ya asidi inayoumiza mapafu na kuozesha reli za mashine. Pasha waya wa shaba moto hadi uwe mwekundu, uguse plastiki, urudishe kwenye moto. Moto ukigeuka kijani, plastiki hiyo ina klorini, isiingie.

Ukaguzi na makabidhiano

Futa kioo kwa spiriti na uangalie kinachobaki. Kisha fanya jaribio la gundi kwenye kipande cha majaribio kilichopigwa kwa mipangilio ile ile, si kwenye kazi ya mteja: bandika tepu angavu juu ya alama, isugue ishike, ivute kwa mkupuo. Kiwango cha Marekani cha ASTM D3359 kinaelekeza kuchanja kwanza mistari inayokatana ili tepu ipate pa kuanzia kubandua. Fanya hivyo kwa kazi kubwa. Metali ikitoka na tepu, rudi kwenye pengo.

Hewa ya chumvi hufifisha shaba, na utando wa namna hii ni mwembamba mno kungojea. Kwa kazi itakayokaa hoteli ya ufukweni au ofisi ya bandarini, paka vanishi angavu upande wenye metali ndani ya siku hiyo hiyo.

Usiweke alama za shaba ndani ya bilauri, kikombe au sahani, wala karibu na mdomo wa chombo. Kwenye tako la nje inakubalika. Mteja apewe karatasi fupi ya matunzo pamoja na stakabadhi: kioo kioshwe kwa sabuni laini na kitambaa, kisisuguliwe kwa waya, kisitiwe kwenye mashine ya kuoshea vyombo, kisisafishwe kwa ndimu wala siki, kwa kuwa asidi zake huyeyusha oksidi ya shaba na kuiondoa alama. Nakala ya karatasi hiyo ibaki karakana, nyuma yake paandikwe aina ya kioo, unene wake, bamba lililotumika, pengo na mipangilio ya mashine, ili oda ya kurudia isianze upya na viboksi 25.